Kalambo au Mosi-oa-Tunya? Kwa aliyeko Mbeya na hajaamua

Kikoba chetu cha Soweto, hapa Mbeya, kina desturi ya kutoka pamoja kila kikivunjwa na akiba kugawanywa. Miaka yote tumekuwa tukiishia Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa: tunakula samaki, tunapiga picha na ziwa, tunarudi. Safari hii katibu alikuja kikaoni na kalenda ya ukutani, zile zinazogawiwa na maduka ya vipuri, akaifungua kwenye picha ya maji mapana yanayofuka mvuke, akaiweka mezani katikati ya vikombe. "Mwalimu," akaniambia, "mimi nataka haya. Matema nimechoka."

Mweka hazina akaitazama picha, akasema maji hayo yako mwisho wa Zambia, na kwamba Rukwa kuna ya kwetu marefu mara mbili ya hayo, na nauli yake haimfilisi mtu. Basi ukawa ubishi wa saa nzima. Chai ikapoa na mandazi yakaisha bila mtu kukumbuka nani kayala.

Nimeyaandika haya kwa sababu wote wawili walikuwa na haki, na kwa sababu najua si kikoba chetu peke yake kinachokwama hapo. Maporomoko yote mawili yako mpakani. Mto Kalambo unatutenganisha sisi na Zambia kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika. Mto Zambezi unaitenganisha Zambia na Zimbabwe, na pale unapoporomoka ndipo Mosi-oa-Tunya, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Victoria. Kwa kuwa ya pili ina milango miwili, machaguo yanakuwa matatu: Kalambo kwa upande wetu, Mosi-oa-Tunya kupitia mji wa Livingstone, Zambia, au Mosi-oa-Tunya kupitia mji wa Victoria Falls, Zimbabwe. Yote matatu nimeyafikia, kwa nyakati tofauti, na moja nililifikia mwezi mbaya.

Vipimo nilivyotumia

Nimevipanga kwa uzito ninaoupa mimi: mwezi unaosafiri, siku ulizonazo, karatasi za mpakani, unachokwenda kukiona, mfuko, na miguu ya hao unaosafiri nao. Umaarufu sikuuweka. Ungekuwa kipimo, Kalambo ingeshindwa kabla ya kuanza, na hiyo isingekuwa haki.

Mwezi

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na mimi nilikosea hapa hapa. Nilikwenda Livingstone mwezi wa Novemba. Nikalipa kiingilio, nikafuata njia hadi mahali pa kutazamia, nikaonyeshwa ukuta wa mawe meusi, mrefu, mkavu, na huku mbali upande wa kushoto maji kidogo yanachuruzika. Jamaa aliyekuwa akikodisha makoti ya mvua alikuwa amekaa juu ya ndoo, hana mteja. Nikamuuliza maji yako wapi. Akanyoosha kidole upande wa pili wa korongo: "Zimbabwe."

Sababu ni hii. Zambezi ni mto mrefu. Unaanzia kaskazini-magharibi mwa Zambia, unapita Angola, unarudi Zambia, kisha unatawanyika kwenye uwanda wa Barotse, na huko maji yanakawia. Kwa hiyo mvua ikikatika, mafuriko yake ndiyo kwanza yako njiani. Maji hujaa kati ya Machi na Mei, kilele kikiwa Aprili, na hupungua kabisa Oktoba na Novemba. Yakipungua, upande wa Zambia ndio unaokauka kwanza, kwa kuwa ukingo wake umeinuka zaidi na sehemu ya maji hupelekwa kwenye mitambo ya umeme iliyo bondeni. Upande wa Zimbabwe, hasa pale panapoitwa Devil's Cataract ambapo ukingo uko chini kuliko kwingine, maji hayakatiki mwaka mzima.

Usidhani basi Aprili ndiyo tiba. Aprili maji ni mengi kiasi kwamba mvuke unapanda kama wingu na kurudi chini kama mvua. Unasimama mbele ya maporomoko makubwa kuliko yote uliyowahi kuyasikia, na unachokiona ni weupe mtupu, umelowa hadi soksi. Wapo wanaopenda hivyo, na kelele zake peke yake zinatosha kumlipa mtu nauli. Lakini ukitaka kuona, nenda Juni hadi Agosti. Maji bado ni mengi pande zote mbili na pazia la mvuke limefunguka.

Kalambo ni mto mfupi, kwa hiyo haina mambo ya kungoja maji yafike kutoka mbali. Mvua ikinyesha uwandani, inajaa. Mvua ikikatika, inaanza kupungua. Masika ya Rukwa ni yale yale ya kwetu, Novemba hadi Aprili. Machi na Aprili maporomoko yananguruma, ila barabara ya vumbi ya kuyafikia imegeuka tope. Mei, Juni na Julai ndio wakati mzuri: maji bado yana mwili na njia imekauka. Septemba na Oktoba utakuta uzi mweupe unaning'inia mwambani. Ni uzi wa zaidi ya mita 220, haudharauliki, lakini ni uzi.

Kwa wenye watoto wa shule, ambao hutoka Juni au Desemba, maana yake ni kwamba Juni machaguo yote matatu yanafaa. Desemba ni kesi nyingine. Kalambo ndiyo kwanza inaanza kujaa, Livingstone maji bado haba, na Zimbabwe ndiyo salama zaidi kati ya hayo.

Siku na njia

Kalambo: basi kutoka Mbeya hadi Tunduma, hapo unaiacha barabara ya Zambia na kukunja kulia kwenda Sumbawanga. Zote ni lami, jumla kama kilomita 320. Safari ni ya mchana, na ikikawia ni kwa sababu ya foleni ya malori kabla ya Tunduma, ambayo mtu wa Mbeya haihitaji kusimuliwa. Lala Sumbawanga, na koti ulibebe. Baridi ya Ufipa ni ndugu wa damu wa baridi ya Uyole. Asubuhi unashika barabara ya lami ya kwenda Kasanga hadi Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, kama kilomita 50. Kutoka Matai unaingia barabara ya vumbi kuelekea kijiji cha Kapozwa. Hapo ndipo panapohitaji mpango, kwa kuwa usafiri wa abiria wa kukufikisha kwenye maporomoko kwa saa unazotaka wewe si wa kutegemea. Mtu mmoja na mkoba wake atapanda bodaboda. Kikundi kitakodi Noah. Siku tatu zinatosha, kwenda na kurudi. Nne ukitaka kupumua.

Livingstone ni jambo jingine kabisa. Ukishavuka Tunduma na kuingia Nakonde, cha kwanza ni kurudisha saa nyuma kwa saa moja, maana Zambia iko nyuma yetu. Watu hukosa mabasi, au hukaa stendi saa nzima bila sababu, kwa kusahau hilo. Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000: Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, halafu Kabwe. Utacheka ukiiona, umetoka Kabwe ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, unaingia Kabwe ya Zambia, na mgongo unakuuma. Lala Lusaka. Usijitie ushujaa wa kuunganisha. Kesho yake ni kama kilomita 480 nyingine kwenda kusini, kupitia Mazabuka, Choma na Kalomo. Ukijumlisha kutoka Mbeya unakaribia kilomita 1,600, kwenda tu. Aliye na ruhusa ya siku tano kazini asijaribu. Atayaona maji kwa saa mbili na viti vya basi kwa siku nne. Hesabu siku nane, kumi zikiwa bora.

Kuna treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inayopita hapa hapa Mbeya na kuishia New Kapiri Mposhi, mwisho wa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Reli hiyo ilikabidhiwa mwaka 1976 na mandhari yake hayana mfano. Ila ulizia stesheni kama safari ipo na ni siku gani, na hata ukishajibiwa, usiifunge ruhusa yako ya kazi kwenye ratiba hiyo. Ni usafiri wa mtu asiyesubiriwa popote.

Zimbabwe ni safari ile ile ya Livingstone na kipande kidogo juu yake. Kutoka mjini Livingstone hadi mpakani ni kama kilomita 10 za teksi, kisha unavuka daraja la chuma lililokamilika mwaka 1905. Lina urefu wa mita 198 na limepita juu ya korongo kwa mita 128. Unaweza kulivuka kwa miguu. Nilipofika katikati nilishika chuma nikatazama chini, na kwa muda mguu mmoja ulikataa kufuata mwingine. Mji wa Victoria Falls uko jirani na maporomoko yenyewe, unatembea tu, tofauti na Livingstone ambako kila safari ya kwenda kutazama ni teksi.

Karatasi

Kwa Kalambo upande wetu hakuna cha kugonga muhuri. Kitambulisho mfukoni, basi. Hii si faida ndogo kwa kikundi chenye watu kumi na moja ambao wanne tu ndio wenye pasipoti.

Mtu hushawishika akiwa pale juu. Zambia iko ng'ambo ya mto, unawaona wenzako wanaotazama maporomoko yale yale kutoka upande wa Mbala, na Wamambwe na Walungu wako pande zote mbili kama vile Wanyamwanga walivyo Tunduma na Nakonde. Lakini pale si kituo cha mpaka. Anayetaka kuyaona kwa upande wa Zambia apite Kasesya, agonge muhuri, aingie Zombe na kuelekea Mbala kama watu.

Kwa Livingstone unahitaji hati ya kusafiria. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia wala Zimbabwe kwa matembezi, na kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa mwaka 2019, kimepunguza ile adha ya kupanga foleni mara mbili. Asiye na pasipoti aulize ofisi ya Uhamiaji kuhusu hati ya dharura mapema, na aeleze kwamba atapita nchi mbili kama ana nia ya kuvuka daraja. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ibebe. Afadhali ukaizungusha begini safari nzima kuliko kuombwa na usiwe nayo.

Kwa Zimbabwe karatasi ni zile zile, ila mihuri inaongezeka: unatoka Zambia, unaingia Zimbabwe, na kurudi tena vivyo hivyo. Ambaye anataka tu kusimama darajani bila kuingia upande wa pili huomba kibali kidogo cha daraja pale mpakani, akarudi nacho.

Macho yanaona nini

Sasa nije kwenye ubishi wenyewe wa katibu na mweka hazina, marefu na mapana.

Kalambo ni marefu. Maji yanaanguka zaidi ya mita 220 kwa mruko mmoja, bila kugusa ngazi ya jiwe njiani, na katika Afrika ni machache sana yanayofikia hapo kwa mruko mmoja. Niliwahi kufundisha fizikia, kwa hiyo nilipofika juu sikuweza kujizuia. Ukipuuza upepo, tone likianza kuanguka linahitaji karibu sekunde saba kufika chini. Nikachagua shada moja la maji meupe, nikalifuata kwa macho nikihesabu kwa sauti. Kwenye nne nikawa tayari nimelipoteza. Limeshavunjika na kuwa vumbi la maji. Nikarudia mara kumi, na mtoto aliyetuongoza kutoka kijijini akawa ananihurumia.

Chini yake kuna korongo refu linaloelekea kwenye Bonde la Ufa na ziwani. Na kwenye kuta za korongo hilo, wakati wa kiangazi, hutaga korongo. Ndiyo, korongo ndani ya korongo, Kiswahili hapo kimejitania. Ni wale ndege wakubwa wenye kichwa kisicho na manyoya na kifuko kinachoning'inia shingoni. Ukiwaona jalalani ni ndege wabaya wa sura. Ukiwa juu ya Kalambo unawatazama kwa chini, mabawa yamefunguka, wanaelea kwenye hewa bila kupiga hata bawa moja, na unaona aibu kwa yote uliyowahi kuwasema.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwa macho lakini mimi lilinipa uzito kuliko maji. Juu kidogo ya maporomoko, kwenye kingo za mto, mwanaakiolojia Desmond Clark aligundua mwaka 1953 mahali palipokaliwa na watu wa kale. Mwaka 2023 watafiti wakatangaza kwamba magogo mawili yaliyofukuliwa hapo yana umri wa miaka kama 476,000. Gogo moja lilichongwa mwanya ili likae juu ya jingine, kama fundi wa leo anavyounganisha kenchi. Yaani kabla binadamu wa aina yetu hajakuwepo, kulikuwa na mtu pale Kalambo aliyekaa chini na jiwe lake, akachonga mti, akajenga.

Mosi-oa-Tunya ni mapana. Upana wake ni mita 1,708 na kimo ni mita 108, kwa hiyo mweka hazina alisema kweli: Kalambo ni mara mbili kwa kimo. Lakini kimo hapa si hoja. Mto mzima, ambao juu umetandaa kama ziwa, unakuta ufa mwembamba kwenye mwamba na kutumbukia wote. Na wewe husimami chini yake. Unasimama ng'ambo ya ufa, usawa mmoja na maji, mnatazamana. Wakololo, watu wa huko zama hizo, waliyaita Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, na ukikaribia ukiwa bado kwenye teksi utaona kwa nini: moshi unautangulia mngurumo.

Upande wa Livingstone unaona sehemu ya mashariki ya maporomoko, na unaikaribia sana. Kuna kidaraja chembamba cha waenda kwa miguu, Knife-Edge Bridge, ambacho maji yakiwa mengi unavuka ukiwa ndani ya mvua inayopanda kutoka chini. Kuna pia njia ya kushuka korongoni hadi Boiling Pot, pale maji yanapozunguka kwa hasira kabla ya kupita chini ya daraja kubwa. Na maji yakipungua, kati ya Agosti au Septemba na Desemba, watu hupelekwa kwenye kisiwa cha Livingstone na kuoga kwenye kidimbwi cha ukingoni kabisa, Devil's Pool. Mimi sikuthubutu. Nakueleza kwamba kipo.

Upande wa Zimbabwe unaona kubwa zaidi: karibu robo tatu ya upana wote iko mbele yako. Njia inafuata ukingo wa ufa, na kila baada ya hatua chache kuna mahali pa kusimama na kutazama kipande kingine. Mvuke umeotesha msitu wa mvua kwenye nchi iliyo kavu pande zote, unatembea chini ya miti inayodondosha maji mchana wa jua kali. Picha ya katibu, ile ya kalenda, ilipigwa huku. Naijua kwa sababu nilisimama pale pale.

Mwanzoni mwa njia hiyo iko sanamu ya David Livingstone, mmisionari na msafiri kutoka Uskoti. Alifika tarehe 16 Novemba 1855, akiongozwa na Wakololo waliokuwa wakiyajua maji hayo siku zote. Yaani naye alikuja Novemba, mwezi wangu mbaya! Tofauti ni kwamba yeye alipelekwa kwa mtumbwi hadi kisiwani ukingoni, akachungulia kwa juu. Mimi nilisimama mbele ya ukuta mkavu na tiketi mkononi.

Mfuko

Bei zinabadilika, kwa hiyo naeleza mahali fedha inapokwenda. Kalambo, kiingilio kwa Mtanzania si kinachouma. Kinachouma ni gari la kukodi kutoka Matai au Sumbawanga, na hilo mkigawana watu saba linakuwa jepesi. Mtu mmoja ndiye anayelipia ugumu wa njia.

Livingstone, fedha inakwenda kwenye nauli na malazi ya njiani, hasa Lusaka. Chakula si tatizo: nshima ni ugali, mboga zinafahamika, na kapenta ni dagaa. Badilisha kwacha za kutosha kufika Lusaka tu, na ubadilishe ndani ya duka lenye kibao. Mimi Tunduma nilibadilisha kwa kijana wa barabarani aliyehesabu noti mbele yangu mara mbili, kwa adabu zote, akinipa shikamoo katikati. Nilipozihesabu ndani ya basi zilikuwa pungufu noti tatu. Hadi leo sijui alizikunja saa ngapi.

Zimbabwe ndiyo ghali kuliko zote, kuanzia kiingilio hadi kitanda, na kila mahali panahesabu dola. Getini kuna bei ya raia, bei ya watu wa nchi za SADC (jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, nasi tumo) na bei ya wageni wengine. Onyesha pasipoti yako na useme unatoka Tanzania kabla hujaandikiwa risiti. Beba noti ndogo za dola, chenji ni taabu.

Miguu, watoto na wazee

Upande wetu wa Kalambo kuna ngazi za kushuka korongoni. Kushuka ni vicheko. Kupanda ndipo ukoo mzima unapotajwa. Mzee wa magoti abaki juu, ataona vya kutosha. Watoto washikwe mkono, kwa sababu ukingo ni mrefu na si kila mahali pana uzio. Na maji ya kunywa na chakula mbebe kutoka Matai.

Livingstone, njia za juu ni nzuri, ila mawe huteleza yakilowa, na njia ya Boiling Pot si ya viatu vya kwenda kanisani. Nyani wapo, tena wamekomaa. Mfuko wa plastiki kwao ni kengele ya chakula. Nilishuhudia mama mmoja akinyang'anywa ndizi na nyani aliyeondoka akitembea, hata hakukimbia.

Zimbabwe njia ni tambarare kuliko kwingine kote, na ndiko ningempeleka mama yangu kama angeweza kuvumilia siku tatu za basi. Hilo ndilo tatizo: njia ya mwisho ni rahisi lakini njia ya kufika inamchosha hata kijana. Mwenye mzee na uwezo apande ndege, atoke Songwe kupitia Dar es Salaam.

Kwa hali yako

Una siku tatu au nne, na kikundi ambacho nusu hakina pasipoti: Kalambo, Mei hadi Julai. Mnaweza kuongeza siku moja mkashuka hadi Kasanga, mkale migebuka ziwani.

Unapenda historia, au una mwanafunzi anayetaka kusoma akiolojia: Kalambo tena, mwezi wowote usio wa tope.

Una siku nane na zaidi, ni Juni hadi Agosti, mfuko ni wa wastani: Livingstone, na siku moja uvuke daraja. Kwa mwezi huo pande zote zina maji na utaelewa kwa nini watu wanabishana.

Likizo yako ni Septemba hadi Desemba na umeshaamua lazima ni Mosi-oa-Tunya: lala Livingstone kama unabana matumizi, lakini kutazama katazame Zimbabwe. Livingstone kwa miezi hiyo ni ya wale wa Devil's Pool.

Unataka kelele na kulowa, kuona si lazima: Aprili, upande wowote wa Zambezi. Simu uifunge kwenye nailoni.

Una siku moja tu na hamu yako ni kuona maji yakianguka: acha mipaka, nenda Kaporogwe upande wa Tukuyu, upite nyuma ya maji, jioni uko nyumbani.

Sisi tunavunja Desemba. Wanne wenye pasipoti wanakwenda Zimbabwe, katibu akiwa mmoja wao, na ameshaikata ile picha kwenye kalenda akaiweka ndani ya pasipoti yake. Saba tuliobaki tumeisogeza ya kwetu hadi Juni, na mweka hazina ameanza kuulizia Noah za Matai.